Mkenya wa Diff: lipi kweli, lipi uongo

Yapo maneno kuhusu Kaskazini Mashariki ambayo Wakenya huyarudia ndani ya matatu, ofisini na hata bungeni, bila mtu kuuliza yalitoka wapi. Nimechagua yale yanayomwumiza zaidi mtu wa Diff, mji mdogo wa Wajir Kusini ulio mpakani na Somalia, kwa sababu huko uraia ni jambo ambalo mtu hudaiwa athibitishe tena na tena maisha yake yote. Baadhi ya maneno hayo ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli ndani yake, nayo ndiyo magumu zaidi kuyajibu, kwa kuwa kweli ndogo iliyomo ndiyo inayoubeba uongo uliobaki.

"Wasomali wa Kenya ni wageni waliovuka mpaka."

Uongo. Hadi mwaka 1925 hapakuwa na mpaka wowote hapo Diff. Nchi yote kutoka Wajir kwenda mashariki mpaka Mto Juba, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikuwa chini ya gavana wa Nairobi na ikiitwa mkoa wa Jubaland. Mwaka 1915 Uingereza na washirika wake waliishawishi Italia iingie Vita Kuu ya Kwanza upande wao kwa kuiahidi ardhi, na miaka kumi baadaye sehemu ya deni hilo ikalipwa kwa ardhi ya Wasomali. Mstari ukachorwa. Kismayu ikawa ya Italia, Wajir na Garissa zikabaki za Uingereza. Mtu aliyezaliwa Diff mwaka 1920 alizaliwa ndani kabisa ya koloni la Kenya. Alipofikisha miaka mitano akajikuta anaishi mpakani bila kuhama hata hatua moja. Leo mjukuu wake ndiye anayeulizwa walivuka lini.

Ni kweli pia kwamba watu wamevuka. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakimbizi waliingia kwa maelfu kupitia Liboi, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikajengwa kuuzunguka mji wa Dadaab. Mkimbizi ana karatasi zake na sheria yake. Kosa ni kumtazama mwenyeji aliyempokea, aliyempa kisima na malisho, kana kwamba wote wawili walishuka kwenye lori moja.

"Walijitenga wenyewe, hawakutaka kuchanganyika na Wakenya wengine."

Uongo, na sheria zenyewe zipo. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilijipa uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD, ikafungwa rasmi: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine iliyowapa maofisa mamlaka ya kuwakamata watu wa kabila lililotajwa kuwa adui na kuwaweka kizuizini. Mtu wa Nyeri hakuweza tu kuamka akaenda Wajir, wala mtu wa Wajir hakuweza kuhamia Nyeri. Watoto walizaliwa, wakaoa na kuzeeka bila pande hizo mbili kuonana. Kisha uhuru ulipokuja, kila upande ukashangaa kwamba haumjui mwenzake.

"Wakati wa uhuru walikataa kuwa Wakenya."

Hili lina ukweli na sioni sababu ya kulificha. Mwaka 1962 Uingereza iliteua tume ya watu wawili, mwanasheria kutoka Nigeria na jenerali kutoka Kanada, kwenda kuwauliza watu wa wilaya sita za NFD wanataka nini. Tume ilirudi na jibu lililo wazi: Wasomali, karibu wote, walitaka kujiunga na Somalia, huku jamii nyingine, hasa zisizo za Kiislamu, zikitaka kubaki Kenya. Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba eneo la Wasomali litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Waingereza waliuliza swali, wakapewa jibu, wakaliweka kabatini. Uchaguzi wa mwaka huo Wasomali wengi wakaususia.

Mpaka hapo ni kweli. Uongo unaanzia pale jibu la mwaka 1962 linapogeuzwa hatia ya kurithi. Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka kujiunga na Somalia, vilipiganwa hadi Oktoba 1967, Kenya na Somalia zilipopatana Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katika vita hivyo familia za wafugaji zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo mingi ikauawa au ikachukuliwa. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda huko kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Na hali ya hatari yenyewe? Ilidumu hadi 1991, miaka 24 baada ya vita kwisha. Mtu aliyezaliwa Diff siku ya mapatano ya Arusha alimaliza shule, akaoa na kupata mtoto akiwa bado anatawaliwa kwa sheria za vita ambavyo hakuvipigana.

Matokeo yake yanajulikana kwa majina ya mahali. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa na vikosi vya serikali baada ya maofisa kuuawa mjini humo. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka maboma ya Wajir wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakalazwa juu ya kokoto juani siku kadhaa bila maji, na waliojaribu kukimbia wakapigwa risasi. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kuwa waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilisema idadi inakaribia elfu moja, na walionusurika wanataja zaidi ya hapo. Mbunge Ahmed Khalif alilipigia kelele jambo hilo bungeni wakati ambapo kusema hivyo kulimhatarisha. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, aliwaokota majeruhi na kuwazika maiti. Baadaye alifukuzwa nchini. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi ilisikika. Wajane wa Wagalla wanaendelea kuzeeka wakiusubiri mfuko.

"Kila Mkenya akifikisha miaka 18 hupewa kitambulisho."

Katiba inasema hivyo. Ibara ya 12 inampa kila raia haki ya pasipoti na hati ya utambulisho, na Ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa kabila, dini na kuzaliwa. Kwa kijana wa Murang'a, dai hili ni kweli. Kwa kijana wa Diff limekuwa uongo kwa muda mrefu sana.

Hebu tulitazame kwa karibu. Kijana wa Murang'a huenda kwa karani wa usajili na cheti cha kuzaliwa au cha shule, nakala ya kitambulisho cha mzazi na barua ya chifu. Anapakwa wino vidoleni, anapigwa picha, anarudi nyumbani kusubiri. Kijana wa Diff alikuwa na hayo yote, kisha akaambiwa asubiri kamati ya msasa. Kamati haikukaa kila siku, wala haikukaa Diff. Ilikutana makao ya wilaya, kwa hiyo nauli ilikuwa juu yake, na mvua ikinyesha njia ilikatika. Siku ikifika alisimama mbele ya wazee wa koo, chifu, ofisa wa usajili na watu wa usalama. Aliulizwa jina la babu, la babu wa babu, ukoo, tawi la ukoo, familia ilikuwa inachunga wapi mwaka wa ukame fulani. Alitakiwa alete kitambulisho cha babu yake. Kama babu alikufa kabla ya kusajiliwa, au mama yake hakuwahi kusajiliwa (wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye usajili mwaka 1978 tu), swali lilibaki juu ya meza. Mzee mmoja wa ukoo hasimu akitikisa kichwa, faili lilirudi mwisho wa foleni. Na pale ambapo kauli ya mtu mmoja inaweza kuamua uraia wa mwingine, rushwa haihitaji kualikwa.

Bila kile kipande huwezi kusajili laini ya simu wala M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti, kupata namba ya kodi, kuomba mkopo wa elimu ya juu, kupiga kura, wala kuingia jengo la serikali Nairobi. Na zaidi ya yote, huwezi kusafiri. Barabara ya kwenda Nairobi inapita Garissa, na daraja la Mto Tana lina kizuizi. Basi husimama, kondakta hutangaza, abiria hushuka na kupanga mstari huku kila mmoja ameshika kadi yake mkononi, mbele ya kifua, picha ikimtazama askari. Asiye nayo hutolewa pembeni. Msichana mwenye barua ya kuitwa chuo kikuu lakini asiye na kitambulisho hujikuta upande wa wale wa pembeni, barua na yote. Msafiri anayetoka Meru kwenda Nairobi hawezi hata kuamini kwamba kituo cha namna hiyo kipo katika nchi yake.

Msasa huu haukuanza na kundi la kigaidi la al-Shabaab, kama wengi wanavyodhani. Novemba 1989, zaidi kidogo ya mwaka mmoja kabla ya Somalia kusambaratika, serikali iliamuru kila Msomali wa Kenya mwenye miaka 18 na zaidi ajitokeze kuthibitisha uraia wake, hata kama tayari alikuwa na kitambulisho. Watumishi wa serikali, wafanyabiashara na askari walipanga foleni. Waliopita walipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kutembea nayo pamoja na ile ya kwanza. Walioshindwa kuwaridhisha wakaguzi, wengine walifukuzwa nchini. Hakuna kabila lingine la Kenya lililoamriwa kubeba kadi mbili.

Halafu lipo tatizo ambalo wasomaji wengi wa Nairobi hawajawahi kulisikia, la kusajiliwa mara mbili. Miaka ya tisini, na tena katika ukame wa baadaye, familia nyingi za Garissa na Wajir zilifilisika mifugo ikifa. Ndani ya uzio wa Dadaab kulikuwa na unga, mafuta, zahanati na shule ya bure. Nje ya uzio, kwa raia, hakukuwa na kitu. Mzazi alifanya lile ambalo mzazi yeyote angelifanya: alimpanga mtoto kwenye foleni ya wakimbizi. Vidole vya mtoto vikachukuliwa. Alipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, kompyuta ikajibu kwamba yeye ni mkimbizi. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 40,000, na shirika la Haki na Sheria la Garissa limepigania kesi zao kwa miaka. Wengi wao sasa ni watu wazima wenye watoto, na watoto hao nao wanaanza kuulizwa kitambulisho cha mzazi. Ninaliona hili kuwa jeraha baya kuliko yote katika orodha hii. Serikali iliwaacha raia wake na njaa, kisha ikawanyima uraia kwa sababu walikula.

"Ukishapata kitambulisho, shida imekwisha."

Uongo. Aprili 2014, baada ya mabomu ya kurushwa kwa mkono kuua watu mtaa wa Eastleigh, Nairobi, polisi walianzisha operesheni ya Usalama Watch. Watu wapatao elfu nne walikamatwa katika majuma ya mwanzo, na wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kukaguliwa. Wenye vitambulisho halali walikuwemo. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilichunguza ikasema operesheni haikufuata Katiba, na ikataja rushwa. Wapo wakazi wa Eastleigh waliosimulia kwamba kadi halisi ilitupwa chini ikaitwa bandia hadi noti itoke.

"Wana mawaziri, majaji na majenerali. Ubaguzi gani tena?"

Majina ni ya kweli. Hitimisho ndilo la uongo, na tarehe zinalikanusha zenyewe. Agosti 1982 aliyeongoza vikosi vilivyolizima jaribio la mapinduzi dhidi ya Rais Moi ni Mahmoud Mohamed, Msomali wa Garissa. Mwaka 1983 ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, akawa Msomali wa kwanza kuingia baraza la mawaziri. Miezi michache baadaye ikatokea Wagalla. Mwaka 1986 Mahmoud akawa mkuu wa majeshi yote ya Kenya, na alikuwa bado kwenye kiti hicho mwaka 1989 wakati watu wa kabila lake walipoamriwa kupanga foleni ya kadi ya waridi. Jeshi la nchi liliongozwa na Msomali siku zile zile ambapo Msomali muuza maziwa alidaiwa athibitishe kwamba hii ni nchi yake.

Waingereza wana ushahidi wao wa jambo hilohilo, na kwa kiasi fulani ni hadithi yetu pia. Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, wote wa asili ya Kihindi. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuhama kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwafungia mlango, huku likiuacha wazi kwa mwenye pasipoti kama hiyo ambaye babu yake alizaliwa Uingereza. Babu tena! Swali lile lile la Wajir. Mwaka 2018 ikafichuka kashfa ya Windrush: watu waliofika Uingereza wakiwa watoto kutoka Karibi, kwa njia halali, wakafanya kazi na kulipa kodi miaka mingi, walitakiwa wathibitishe kila mwaka waliokaa, walioshindwa walinyimwa kazi, matibabu, na wengine wakafukuzwa. Kadi zao za kushukia melini, ambazo zingewasaidia, wizara yenyewe ilikuwa imeziharibu mwaka 2010. Waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu, na aliyechukua nafasi yake, Sajid Javid, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistani. Mtu mmoja anaweza kupanda mpaka juu kabisa na sheria ya foleni ikabaki vilevile.

  

"Hakuna maendeleo kwa sababu ni jangwa na wafugaji hawataki shule."

Uongo. Soma Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, mpango mkuu wa uchumi wa serikali ya Jomo Kenyatta. Uliamua wazi kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Aliyekuwa navyo akaongezewa. Kaskazini Mashariki, iliyokuwa ndani ya vita mwaka huo, haikuwa na hata kimoja. Katiba ya 2010 ililikiri kosa hilo kwa Ibara ya 204, iliyoweka Mfuko wa Usawazishaji wa nusu asilimia ya mapato kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Fedha zenyewe zilichelewa miaka na miaka. Barabara ya lami kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700, imeanza kujengwa katika muongo huu. Wakati huo wote mifugo ya "jangwa" hilo ilikuwa ikishushwa soko la Garissa na kuliwa Nairobi.

Kuhusu shule: Januari 2020, baada ya al-Shabaab kuwaua walimu watatu Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa walimu wasio wenyeji kwa mamia. Siwalaumu walimu, walikuwa wanakufa. Lakini mtoto wa Diff aliyebaki darasani bila mwalimu wa hesabu hakukataa shule.

"Wenyeji wanawaficha magaidi."

Wapo waliojiunga na magaidi, na familia zao ndizo zilizotangulia kulia. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria kutoka Mandera. Baba yake, chifu, alikuwa ameripoti kwa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Serikali ilijibu shambulio kwa kuzifungia kampuni 13 za hawala, zile ambazo bibi wa Wajir hupokelea karo ya wajukuu kutoka kwa mwanawe aliye Minneapolis.

Desemba 21 mwaka huohuo, basi la Makkah likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru abiria wajigawe, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu, wengi wao Wasomali, walikataa. Wanawake waliwavika Wakristo hijabu zao kabla ya kushuka, wengine wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Alikuwa mwalimu mwenyeji, aina ile ile ya mtu ambaye kwenye kizuizi cha Garissa angeshushwa kwenye basi ili aonyeshe kwamba si hatari.

"Wasomali wenyewe ni wabaguzi."

Kweli. Nimewasikia watetezi wa haki wakilikwepa dai hili, na kulikwepa kunaidhoofisha kesi yao. Kando ya Mto Tana, Garissa, wapo Wamunyoyaya na Wamalakote, wakulima ambao katika siasa za kaunti inayotawaliwa na koo kubwa husikika mwishoni, kama wanasikika. Dadaab walikuwepo Wabantu wa Somalia, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji, wakadharauliwa kwa nywele zao kambini kama walivyodharauliwa bonde la Juba. Zaidi ya elfu kumi kati yao walihamishiwa Marekani. Wengine, wanaozungumza Kizigua mpaka leo, walikimbilia Tanga, nchi ya mababu zao, wakapewa ardhi Chogo, Handeni, na baadhi wakapata uraia wa Tanzania. Msomali anayedai haki kwa serikali ya Kenya anapaswa kumpa Mbantu wa jirani haki ileile. Hata hivyo dhambi hiyo haimpi karani wa usajili ruhusa ya kumkatalia mtu kitambulisho.

"Tangu 2025 jambo hili limekwisha."

Bado. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tamko la kukomesha msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Ni hatua kubwa, na watu waliishangilia kwa haki. Siku hizohizo baadhi ya wanasiasa wa sehemu nyingine za nchi walisema sasa wageni watagawiwa vitambulisho, na hofu yao ikapata wasikilizaji wengi kuliko ushahidi wowote nilioueleza hapa. Tamko la rais linaweza kufutwa na tamko la rais mwingine. Sheria ya Usajili wa Watu bado inamruhusu ofisa kudai ushahidi zaidi anapoona inafaa, na hapo ndipo mlango wa msasa ulipo. Waliosajiliwa Dadaab wakiwa watoto wanahitaji alama zao za vidole ziondolewe kwenye orodha ya wakimbizi, kazi ya kompyuta ambayo tamko halikuifanya.

Kwa hiyo kijana wa Diff anayekwenda kuomba leo ajue jambo moja. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 zinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi kila ofisa anapomnyima kitu anachostahili. Karani akisema rudi kesho, au lete cha babu, amwombe aandike hivyo kwenye karatasi, aweke tarehe na sahihi. Karatasi hiyo inaweza kufika Mahakama Kuu ya Garissa. Neno la mdomo haliwezi.